Ndoo ya Angani: Helikopta Motoni na Barafuni, na Yanayotuhusu Lamu

Kila nikifundisha usalama wa moto hapa Lamu, swali la helikopta huja mapema. Mara ya mwisho, kwenye baraza moja ya Langoni, aliyeliuliza ni nahodha aliyestaafu. "Mwalimu, makuti yakishika moto na kaskazi inavuma, si tuletewe helikopta imwage maji yaishe?" Nikamwambia, "Mzee wangu, msituni iombe. Juu ya mtaa huu, usiiombe." Baraza lote likanigeukia, na nilistahili kuulizwa sababu.

Sababu ya kwanza ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Helikopta ndogo ya injini moja, kama AS350 inayotumika sehemu nyingi za dunia, huninginiza chini yake ndoo ya lita 700 hadi 900 hivi. Ile kubwa ya Sikorsky S-64 ina tangi la karibu lita 10,000, nayo huyafyonza maji kwa bomba nene kwa muda usiozidi dakika moja. Sasa chukua hata ile ndogo: karibu tani nzima ya maji inashuka kwa kasi juu ya dari ya boriti na chokaa iliyokalia kuta za matumbawe miaka mingi, au juu ya paa la makuti ambalo chini yake kuna watu wanaookoa vyombo vyao. Msituni, wazima moto waliopo chini huamriwa wasogee kabla ndoo haijafunguliwa, maana maji hayo huvunja matawi na kumwangusha mtu. Kwenye kichochoro cha Mkomani wanapopishana punda wawili kwa taabu, mtu atasogea wapi?

Ya pili ni upepo wa mapanga ya helikopta, yale yanayozunguka juu yake. Helikopta hukaa angani kwa kusukuma hewa chini, na hewa hiyo ina nguvu ya kung'oa mabati. Ikishuka karibu na makuti yanayowaka, itabeba cheche kutoka paa hili hadi la jirani, na la jirani yake. Rubani anaweza kuirefusha kamba ya ndoo akae juu zaidi, na hilo husaidia, lakini kwenye mji uliobanana hivi bado ni hatari. Ndiyo maana moto wa Mji wa Kale utazimwa na pampu inayovuta maji ya bahari, mipira ya maji inayofika vichochoroni, na watu waliojifunza kubomoa paa moja ili kuokoa kumi. Helikopta hapo kazi yake ni kutazama moto unakoelekea, na kumchukua majeruhi ng'ambo, penye nafasi.

Msituni mambo ni mengine. Kama Arabuko-Sokoke kule Malindi ungeshika moto, au vichaka vya Witu, helikopta ingekuwa msaada mkubwa. Hata hivyo, mtazame rubani hodari: haulengi mwale mkubwa wa katikati. Humwaga kandokando, mbele ya moto, ili joto lipungue watu wa majembe na mapanga waweze kuusogelea na kukata njia isiyo na kitu cha kuungua. Maji ya ndoo hukauka haraka. Kaa lililojificha kwenye kisiki au mizizi litakaa siku nzima, halafu upepo wa alasiri utaliamsha. Asiyekuwa na watu chini hajazima moto, ameupumzisha tu.

Halafu kuna hesabu ya maji yaliko. Kama kwenda kuchota na kurudi ni dakika 4, ndoo ya lita 800 itamwaga lita 12,000 kwa saa. Kama ni dakika 12, ni lita 4,000. Mashine ni ile ile, rubani ni yule yule. Sisi tumezungukwa na maji, lakini bahari ina masharti yake. Chumvi hula injini na vyuma, kwa hiyo baada ya kazi mashine huoshwa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, na palipo na ziwa au bwawa marubani huchagua huko. Tena ndoo lazima izame yote. Kijito kinachopitisha mashua maji yakijaa, wakati wa bamvua maji yakipwa hubaki tope na mizizi ya mikoko. Rubani mgeni hatalijua hilo kwa kutazama ramani.

Joto nalo linatuibia. Hewa ya moto ni nyepesi, mapanga hupata kidogo cha kushika, kwa hiyo adhuhuri ya Februari ndoo hujazwa pungufu kuliko asubuhi.

Hapo ndipo ninapopenda kuwapeleka wanafunzi wangu kwenye barafu ya Antaktika, kwani ni mashine za namna hizi hizi, na kulabu ya chini ya kuninginizia mzigo ni ile ile. Miezi yetu ya kaskazi, Desemba hadi Februari, ndiyo kiangazi cha huko, wakati meli zinapoweza kufika. Meli ya utafiti ya Ujerumani, Polarstern, hubeba helikopta za kutafuta njia kati ya barafu na kupeleka wanasayansi. Tarehe 2 Januari 2014, helikopta ya meli ya China Xue Long iliwatoa watu 52 kwenye meli ya Urusi Akademik Shokalskiy iliyonaswa na barafu. Walisubiri siku kadhaa mpaka hali ya hewa iruhusu.

Hewa ya baridi ni nzito, inainua vizuri. Adui wa kule ni weupe. Theluji ikitimuliwa na mapanga, mbingu na ardhi huwa kitu kimoja, na rubani hajui kama anashuka au analala upande. Dawa yake ni kuwa na kitu cheusi chini, pipa au bendera, asikiondolee macho. Mchanga wetu wa Shela na vumbi la bara hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mkiambiwa helikopta inakuja kuchukua mgonjwa, mwagieni maji uwanja, na mwacheni rubani aone kichaka au jiwe lisilosogea.

Na moto? Huko barafuni ndio unaoogopwa kuliko baridi, kwa kuwa hewa ni kavu na maji yameganda. Mwaka 1982 kituo cha utafiti cha Wasovieti, Vostok, kilichoko ndani kabisa ya bara hilo, kilipoteza nyumba ya mitambo ya umeme kwa moto, na mtu mmoja akafa. Ilikuwa Aprili, majira ya baridi yameshaingia, hakuna chombo cha angani kingefika. Wenzake waliishi miezi ya giza kwa majiko waliyojitengenezea. Februari 2012 kituo cha Brazil, Comandante Ferraz, kiliungua na wanajeshi wawili wakafa wakijaribu kuuzima. Hicho kiko pwani, na kilikuwa kiangazi, hivyo waliosalia waliondolewa. Ninawasimulia haya kwa sababu kisiwa nacho kina siku ambazo hakuna atakayekufikia kwa wakati.

Siku helikopta itakapofika, basi: mashua na ngalawa ziondoke mahali inapochota. Anueni kanga na mikeka, fungeni mabati yaliyolegea, watoto na punda wakae mbali. Asiwepo anayeikaribia mpaka rubani amwite kwa mkono, naye aende kutokea mbele, ameinama, abadan asipite nyuma kwenye panga dogo la mkia, kwa kuwa likizunguka halionekani. Kulabu inayoning'inia isishikwe kabla ya kugusishwa chini, kwani mapanga huikusanyia umeme. Na kamera za kurushwa zibaki mifukoni.

Nahodha alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Hiyo ndoo yataka pima ngapi?" Nikamwambia mbili zatosha kwa ile ndogo. Akachukua fimbo yake, akachora mchangani mkondo wa kati yetu na Manda, akatia alama tatu. "Hapa, hapa, na hapa. Hata bamvua ikipwa, maji yapo." Tumezipima kwa timazi wiki iliyofuata, yeye akiwa omoni.