Sheria za mkoloni zilitungwa na nani? LEGCO na watu wa Ugogo

Wageni wanaotembelea Bunge hapa Dodoma huuliza sana habari za Uhuru. Wachache huuliza kabla ya hapo sheria zilikuwa zikitungwa wapi, na nani. Zilitungwa Dar es Salaam, katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, ambalo wazee bado wanaliita LEGCO, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Legislative Council. Lilikutana mara ya kwanza Desemba 1926, na mwenyekiti wake alikuwa Gavana mwenyewe, Sir Donald Cameron.

Wajumbe wa serikali, hasa wakuu wa idara, walikuwa 13. Wasio wa serikali walikuwa saba: Wazungu watano na Waasia wawili, wote wa kuteuliwa. Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Tena wale 13 hawakuwa na hiari ya kura; muswada ukiwa wa serikali, waliuunga mkono, kwa kuwa walikuwa waajiriwa wa serikali hiyohiyo. Mjumbe asiye wa serikali aliweza kusema mchana kutwa, na akishakaa hesabu ya kura ilikuwa ileile. Sheria nayo haikuwa sheria bila idhini ya Gavana, na London iliweza kuikataa.

Cameron alikuwa na hoja yake: hajapatikana Mwafrika mwenye Kiingereza cha kutosha kuketi barazani, hivyo masilahi ya wenyeji yatasemewa na yeye na maofisa wake. Waafrika wakatengewa mlango mwingine. Mwaka huohuo wa 1926 ilitoka Sheria ya Mamlaka za Wenyeji, iliyowafanya machifu kuwa mkono wa serikali vijijini. Huku Ugogo, nchi ya Wagogo, watemi, yaani machifu wao, Mazengo wa Mvumi akiwa miongoni mwao, waliingizwa katika mpango huo. Mtemi alisimamia kodi na kuamua kesi za watu wake, lakini sheria ya kodi yenyewe hakuulizwa. Kwangu mimi kiini cha mfumo ule ni hapo, kuliko hata idadi ya viti: Mwafrika alipewa kazi ya kutekeleza, akanyimwa ya kutunga.

Ilichukua miaka 19 Mwafrika kupata kiti barazani. Mwaka 1945 waliteuliwa Waafrika wawili, Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga. Baadaye wakaongezwa Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe na mwalimu Juma Mwindadi wa Dar es Salaam. Watatu kati ya wanne ni machifu, na si kwa bahati. Chifu alilipwa na serikali, na serikali iliweza kumwondoa. Angeipinga kwa kiasi gani? Lakini tusiwabeze. Kidaha aliingia Baraza la Utendaji la Gavana mwaka 1951, na Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa aliyepigana na Wajerumani, alikuja kuwa Spika wa Bunge letu mwaka 1962.

Anayetaka kuona udogo wa baraza lile asiende mbali, aende Kongwa, hapahapa mkoani Dodoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza kufyeka mapori ya huko ili kulima karanga. Uamuzi ulikuwa wa London. Shirika lililokabidhiwa mradi liliundwa mwaka 1948 kwa sheria ya Bunge la Uingereza na liliwajibika huko, si Dar es Salaam. Mvua zilikuwa haba, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, matrekta yakavunjika. Mradi ulipoachwa mwaka 1951, pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimeteketea. Mgogo yeyote angeweza kuwaeleza tabia ya mvua za Kongwa, lakini hakuwa na kiti cha kusemea.

Mwaka 1955 viti visivyo vya serikali vikawa 30: kumi vya Waafrika, kumi vya Waasia, kumi vya Wazungu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu wote nchini kama 20,000. Serikali ikabaki na wajumbe 31, mmoja zaidi, ili isishindwe. Julius Nyerere aliteuliwa kuwa mjumbe mwaka 1957 na kabla mwaka haujaisha akajiuzulu.

Uchaguzi wa 1958 na 1959 ndio ule wa kura tatu. Mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akiacha mmoja, kura yake imeharibika. Ili aandikishwe ilibidi awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Mkulima wa mtama au mfugaji wa Ugogo aliishia nje ya kituo. TANU, chama cha Nyerere kilichodai uhuru, ilikubali masharti hayo katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, na wagombea iliowaunga mkono wakashinda. Agosti 1960 ilichukua viti 70 kati ya 71, na Desemba 1961 baraza likageuka kuwa Bunge.

Sheria za zama zile hazikufutwa zote. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ni ya mwaka 1930. Imefanyiwa marekebisho mengi, lakini mtu akifikishwa leo mahakamani Dodoma kwa wizi wa mbuzi, sheria inayotajwa kwenye hati yake ya mashtaka ina asili katika baraza lisilokuwa na Mwafrika hata mmoja.