Marini Nyeusi Inakunywa Maji: Maneno Machache Kuhusu Plaiwudi ya Fomu

"Hiyo ni marini, bosi, haiingii maji." Wanasema hivyo kuhusu ile plaiwudi nyeusi ya kumwagia zege. Naisikia dukani, naisikia saiti, na sasa naisikia hadi kwa wenye nyumba ambao wameshalipa. Wiki hii nimeitwa kutazama slabu iliyotoka na mawimbi upande wa chini, kila ungio la ubao limeacha ngazi unayoweza kuipapasa kwa kidole, na jibu la kwanza nililopewa ni kwamba tatizo haliwezi kuwa plaiwudi kwa sababu ni marini, tena ya milimita 18. Nimechoka kulijibu hili kwa simu. Naliandika.

Tunachonunua kwa jina la marini, kwa sehemu kubwa, si marini. Plaiwudi ya marini ni ya kutengenezea boti. Kiwango cha Uingereza kinachoielezea, BS 1088, kinadai mbao zinazostahimili kuoza, gundi inayostahimili kuchemshwa, na tabaka za ndani zisizo na mapengo, na hakuna karatasi nyeusi juu yake. Ubao wetu mweusi ni plaiwudi ya fomu, yaani ya ule ukungu wa muda unaoshikilia zege hadi likauke: umefunikwa pande zote mbili kwa karatasi iliyoloweshwa resini ya fenoli na kubanwa kwa joto. Karatasi ya gramu 120 kwa mita ya mraba ndiyo ya kawaida, ya 220 ni nzito na inavumilia zaidi. Rangi haina habari yoyote. Nyeusi haishindi kahawia, na muuzaji anayekwambia nyeusi ni daraja la juu anauza rangi.

Sasa hilo la "haiingii maji". Ubao una vitu vitatu: karatasi, gundi na mbao. Karatasi nzuri inazuia maji usoni. Gundi nzuri ya fenoli haiachii hata ukiichemsha. Lakini mbao yenyewe, katikati ya hivyo viwili, ni mbao ileile iliyokatwa msituni, na hakuna gundi duniani inayoizuia kunywa. Maneno "gundi isiyoathiriwa na maji" yanazungumzia gundi. Yanasema tabaka hazitaachana. Hayasemi ubao hautavimba, na kwenye fomu kuvimba ndiko kunakokuumiza, siku nyingi kabla tabaka hazijaanza kuachana.

Maji yanaingilia wapi? Ukingoni. Tazama ukingo wa ubao: nusu ya tabaka zimekuonyesha ncha za nyuzi, na kila ncha ni mrija uliofunguliwa kinywa. Kiwandani kingo zote nne zilipakwa rangi, na hiyo rangi ndiyo kinga yako. Halafu fundi anachukua ubao wa futi 4 kwa 8, anaupasua kutengeneza mashavu (fomu za pembeni) ya bimu, na zile kingo mpya hazigusi. Uji wa saruji unaingia, ukingo unavimba kwa unene huku katikati ya ubao pamebaki vilevile, na kwa sababu plaiwudi huvimba zaidi kwa unene kuliko kwa urefu au upana, mbao mbili zilizokuwa sawa asubuhi zinatengana kimo jioni. Ndiyo ile ngazi niliyoipapasa. Mwenye nyumba ataifuta kwa lipu nene asiyoipangia bajeti.

Kwa hiyo kila ukingo unaokatwa saiti upakwe rangi siku hiyohiyo, mara mbili, ukiwa mkavu. Rangi ya mafuta inafaa. Tundu la bolti lipakwe. Tundu la msumari lizibwe. Na kichwa cha vaibreta, mashine ya kutikisa zege, kisiguse uso wa fomu, kwa sababu kinachana karatasi, na mchubuko mmoja katikati ya ubao ni mlango kama ukingo. Nikimwambia fundi hivi ananiangalia kama namchelewesha. Kopo moja la rangi linalinda rundo zima la mbao, na bado ndicho kitu cha kwanza kufutwa kwenye orodha ya manunuzi.

Sasa tumbo la ubao, yaani tabaka za ndani, ambalo wanunuzi wengi hawalitazami kabisa. Hesabu tabaka. Ubao wa mbao ya bechi (mti wa birch) kutoka Ufini wenye milimita 18 una tabaka 13, nyembamba na zinazolingana. Ukikuta 18 yenye tabaka chache nene, zenye mapengo unayoweza kuchomeka ncha ya msumari, hapo juu ya pengo karatasi haina cha kuishikilia, na zege litapabonyeza. Uzito nao unasema: ubao wa bechi wa kipimo hicho unakaribia kilo 36, wa popla (mti wa poplar, mwepesi zaidi) uko kama kilo 27. Inua kabla hujalipa.

Na tafadhali, tuache kusema "ya nje" kana kwamba ni daraja la ubora. Mafinga, jirani na msitu wa Sao Hill, wanatengeneza plaiwudi, na nimeona mbao za huko zilizonyooka na kubana vizuri, na nyingine ambazo nisingezilaza hata kwenye jamvi la banda la kuku. Kontena kutoka Asia nazo zina hali hiyohiyo. Hukumu ubao ulio mbele yako.

Nirudi kwenye mawimbi, kwa sababu ungio lililovimba linaleta ngazi, haliwezi kuleta wimbi. Wimbi linatokana na nafasi kati ya mbao za kubebea, zile zinazolazwa chini ya plaiwudi kuishikilia. Slabu ya milimita 150 ina uzito wa kama kilo 375 kwa kila mita ya mraba, kabla hujahesabu watu, toroli na rundo la zege lililomwagwa mahali pamoja. Ubao unabonyea kwa kipeo cha nne cha nafasi hiyo, yaani nafasi mara nafasi mara nafasi mara nafasi. Ukitoka sentimita 40 kwenda 60, kubonyea hakujaongezeka kwa nusu, kumefika kama mara tano ya kwanza. Unene nao unaingia kwa kipeo cha tatu, hivyo 18 ni ngumu zaidi ya mara tatu ukilinganisha na 12 ya aina ileile, lakini nafasi iliyopanuliwa ovyo inameza faida yote hiyo. Pale nilipoitwa, mbao za 2 kwa 4 zilikuwa sentimita 60. Wameokoa mbao chache wakanunua mawimbi.

Kuna jambo linalonikera kuliko hayo yote: mwelekeo wa nyuzi. Plaiwudi ni ngumu zaidi kwa upande zinakoelekea nyuzi za tabaka ya nje, hivyo nyuzi hizo zinapaswa kukatiza mbao za kubebea, zisilale sambamba nazo. Kwenye ubao wenye tabaka nyingi tofauti ni ndogo, kwenye ule wa tabaka chache ni kubwa. Shida ni kwamba karatasi imezificha nyuzi, na kila mtu anadhani zinafuata urefu. Si lazima! Kuna mbao ambazo nyuzi za nje zinafuata upana, na baadhi ya watengenezaji huonyesha hilo kwa kuandika 1220 kabla ya 2440, kwa kuwa kipimo cha kwanza ndicho cha uelekeo wa nyuzi. Usitegemee hati za kiwandani. Kwangua rangi kidogo ukingoni, tazama tabaka iliyo chini tu ya karatasi. Ukiona vitundu vya ncha, nyuzi zinakimbia kutoka ukingo huo kuelekea ndani. Ukiona mistari mirefu, zinafuata ukingo. Kisha paka rangi palepale ulipokwangua.

Nguzo nazipitia haraka. Nguzo ya mita 3 ikijazwa kwa mkupuo, shinikizo kwenye kitako chake linafika tani 7.5 kwa mita ya mraba, mara 20 ya ile slabu. Vibano vikaribiane chini, vitawanyike juu. Oili chafu ya gari iachwe: inachafua zege na lipu inakataa kushika. Tumia mafuta ya fomu, kiasi kidogo, yasiache madimbwi. Na plaiwudi tupu isiyo na karatasi, hasa iliyokaa juani, hutoa sukari za mbao zinazochelewesha saruji kushika, ndiyo sababu uso wa zege hutoka na vumbi.

Swali la mwisho ni "itatumika mara ngapi?" Watengenezaji hutoa namba, nami nikibanwa hutoa namba, lakini ni makisio. Ubao uleule unaofika mbali kwa timu inayofungua kwa kabari za mbao unakufa mapema kwa timu inayochokonoa kwa mtaimbo. Hata majedwali ya nafasi ninayoyatumia nayaonea shaka, kwa sababu plaiwudi iliyolowa inalegea, na baada ya kumwagwa mara kadhaa siamini tena kwamba ugumu wake ni ule uliopimwa maabara. Ndiyo maana ubao mkongwe naupunguzia nafasi, hata kama jedwali linaruhusu. Kuchemsha kipande sufuriani nako kunasaidia upande mmoja tu: kikiachana, rudisha mzigo. Kisipoachana, umejua gundi si mbovu sana, basi.

Kwa anayejenga nyumba moja ya ghorofa, slabu itakayopigwa lipu, mimi humwambia achukue 18 ya hapa nchini yenye tumbo zuri, na fedha inayobaki aipeleke kwenye mbao za kubebea na mirunda. Bechi iende kwenye jengo linalorudia sakafu ileile juu kwa juu, au pale zege litakapoachwa wazi. Wenzangu wengine wanapinga, wanasema bechi inajilipa hata kwenye nyumba moja kwa sababu unaweza kuiuza baadaye. Inawezekana, kama kingo zilipakwa rangi.

Ukienda dukani, ule ubao wa juu uliowekwa kwa maonyesho usikutoshe. Mwambie akufungulie bunda, utoe wa katikati, uuegemeze kwenye mwanga na uukague kingo zote nne.