Noti chafu na mkono unaoishika

Dhana: Kushika tu noti iliyochakaa kunakuambukiza maradhi.

Vijidudu vipo, hilo halina ubishi. Noti zilizochunguzwa kutoka masoko ya Korogwe na Mombo, mkoani Tanga, zilikutwa na bakteria wanaoleta maradhi. Ila ngozi isiyo na kidonda huwazuia. Hudhuru wakifika kinywani, machoni au kwenye jeraha, tena wakiwa wengi wa kutosha. Kwa hiyo kondakta anayelamba kidole ili ahesabu chenji anajiweka hatarini kuliko abiria aliyempa, na mate yake yanaondoka na noti.

Dhana: Muuza chipsi akivaa glavu, chakula ni salama.

Hii ndiyo inayonikera. Akipokea elfu mbili kwa glavu kisha akachota kachumbari kwa glavu hiyo hiyo, amekukinga na nini? Mkono mtupu ukinata, mwenyewe anahisi na kwenda kunawa. Glavu inakaa mkononi hadi jioni. Na kachumbari ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu hairudi motoni. Afadhali mama ntilie asiye na glavu aliyemweka mwingine kupokea pesa, yeye akashika upawa tu. Aliye peke yake apokee malipo kwanza, anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, ndipo apakue. Sanitaiza? Kwenye mikono yenye mafuta ya kukaangia haifanyi kazi vizuri.

Dhana: Noti za plastiki hazibebi bakteria.

Noti nyingi ni za nyuzi za pamba, zinazofyonza jasho na mafuta. Utafiti wa 2010 uliolinganisha noti za nchi 10 ulikuta za plastiki zina bakteria wachache. Lakini mwaka 2013 watafiti wengine walipopaka bakteria sugu kwenye noti za nchi kadhaa, leu ya Romania, ambayo ni ya plastiki, ndiyo iliyowahifadhi kwa muda mrefu zaidi. Uchakavu nao una uzito wake, na noti ndogo ndizo huzunguka sana: mwaka 2014 Benki Kuu ya Tanzania ilileta sarafu ya shilingi 500 kwa kuwa noti yake ilichakaa upesi.

Dhana: Lipa kwa simu, tatizo limekwisha.

Uingereza, mwaka 2011, simu moja kati ya kila sita zilizopimwa ilikutwa na bakteria wa kinyesi. Noti angalau huingii nayo chooni ukiisoma.