Moyo wa Runinga na Moyo wa Mgonjwa

Dhana: Mtu mzima anajua kwamba filamu ni maigizo, kwa hiyo haiwezi kumdanganya.

Ukweli: Hadithi yenyewe haimdanganyi, ila mambo madogo yaliyomo ndani yake humwingia bila kuhojiwa. Katika kibanda umiza kimoja cha Chang'ombe, hapa Dodoma, nilikaa nyuma ya fundi baiskeli aliyecheka pamoja na vijana kila shujaa alipowamaliza maadui ishirini kwa bastola moja. Kisha ikaja sehemu ya hospitali: mstari wa mashine ya kupima mapigo ya moyo ukanyooka, daktari akamshtua mgonjwa kifuani kwa umeme, naye akafumbua macho. Hapo hakucheka mtu. Fundi akamnong'oneza mwenzake, "Umeona? Ndivyo wanavyofanya hospitali kubwa."

Sivyo wanavyofanya. Mshtuo wa umeme hauwashi moyo uliosimama kabisa. Kazi yake ni kuukatiza moyo unaotetema ovyo bila kusukuma damu, ili mapigo yapate nafasi ya kurudi katika mpangilio wake. Mstari ukiwa umenyooka, wahudumu hukandamiza kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wakimpa mgonjwa dawa ya adrenalini na kutafuta chanzo cha tatizo. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu waliyoifanya katika vipindi vya runinga vya nchi hiyo, na wakakuta kwamba asilimia 75 ya wagonjwa walioonyeshwa wakihudumiwa hivyo walinusurika papo hapo, kiwango kilicho juu mno kuliko cha hospitali halisi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mtu aliyezoea ufufuo wa runinga, akiambiwa kwamba baba yake ameshindikana kurudishwa, ni rahisi aamini kuwa wauguzi walizembea.

Dhana: Msanii anayeigiza mchawi au mama wa kambo mkatili ndivyo alivyo hata nyumbani kwake.

Ukweli: Maneno ameandikiwa, na tukio hurudiwa hadi mwongozaji aridhike. Anayemzomea sokoni anamwadhibu kwa kuifanya kazi yake vizuri.

Dhana: Mieleka ya runinga ama ni ugomvi wa kweli, ama yote ni uongo mtupu.

Ukweli: Vijiweni watu hubishana pande hizi mbili, na zote zimekosea. Mshindi hupangwa kabla. Mwaka 1989 kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani ilikiri mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba kazi yake ni burudani. Lakini mifupa ya wachezaji haiigizi. Tarehe 23 Mei 1999, mjini Kansas City, mchezaji mieleka Owen Hart alikuwa akishushwa ulingoni kutoka darini kwa waya, kifaa kilichomshikilia kikaachia, akaanguka na kufariki dunia. Ukumbini walikuwapo watazamaji waliodhani ni sehemu ya onyesho, wakaendelea kusubiri ainuke.