Ati sentensi ya Kiingereza haiishii na "for"? Si kweli

Ile meseji ya "usimalize sentensi ya Kiingereza na for, with wala up" imerudi tena kwa magrupu yetu ya Mombasa. Jamani, si kosa. "What are you looking for?" ni sawa kabisa, jaribu kumwambia makanga pale Buxton "For what are you looking?" uone atakavyokukodolea macho. "Look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, yaani kile kineno ni sehemu ya kitendo chenyewe, na "give up" wala si kupa juu, ni kukata tamaa. Fungua dikshonari uangalie chini ya "look", utayakuta. Hiyo sheria ilianzia Uingereza karne ya 17 kwa waandishi waliopenda Kilatini, halafu shuleni tukapigiwa kalamu nyekundu, ndio mana twachanganyikiwa. Ukiletewa tena usiiforwadi, mweleze tu aliyekutumia.