Stensili haibanduki

Nimelisikia tena, safari hii kwa mtu mwenye Jeep ya Vita Kuu ya Pili aliyoifufua kwa miaka mingi, bolti kwa bolti: "Stensili za kwenye boneti zimeanza kubanduka." Nilinyamaza, maana gari lenyewe lilikuwa zuri mno kuanza nalo ugomvi. Lakini stensili haibanduki kwenye boneti, kwa sababu haikai kwenye boneti. Kilichobanduka pale ni stika.

Maana yake ni fupi. Stensili ni kipande chembamba cha bati, plastiki au karatasi ngumu iliyotiwa mafuta, kilichokatwa matundu yenye umbo la herufi, tarakimu au nyota. Unakilaza, unapitisha rangi, unakiinua. Waliowahi kurudufu mitihani wanaijua stensili ya nta, na hawakukosea kuiita hivyo: taipureta huiondoa nta kwa umbo la herufi, wino ukapenya palepale.

Neno tumelipata kwa Waingereza, nao walilitoa Ufaransa. Kilatini kilikuwa na scintilla, yaani cheche. Kifaransa cha kale kikaifanya estencele, kisha kikapata kitenzi chenye maana ya kutapanya vimetameta, kupamba kitu kwa madoa ya rangi yanayong'aa. Kiingereza cha zamani kilikichukua kitenzi hicho kwa maana ya kupamba, na jina la kile kibao chenye matundu linaonekana katika maandishi mwanzoni mwa karne ya 18. Nakiri kwamba asili hii hainisaidii sana: mwanzo neno lilihusu mapambo kabla ya kuhusu kifaa, na mbishi hodari angeweza kunikaba nalo. Wafaransa wa leo wanaiita cheche étincelle, na kibao cha kupakia rangi wanakiita pochoir.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi hasa. Chukua herufi O, uikate duara zima kwenye karatasi ngumu. Kitumbo cha katikati kitadondoka mezani, na ukipaka rangi utapata doa, si O. Ndiyo maana mkataji huacha vipande viwili vyembamba, vidaraja, vya kukishikilia kitumbo. Rangi haipiti chini ya kidaraja, hivyo herufi inatoka na mapengo. A, B, D, P na R zina shida hiyohiyo. I na L hazina, kwa hiyo hazihitaji pengo lolote. Pengo ni kovu la kazi, halikuwekwa kwa urembo. Mtu anapoagiza stika zenye mapengo ili zifanane na stensili, ameagiza kovu bila jeraha.

Kwenye magari ya jeshi la Marekani ya vita ile, kovu hilo linaonekana vizuri zaidi kwenye nyota nyeupe iliyozungushiwa duara, alama iliyoenea kuanzia majeshi ya Washirika yalipotua kisiwa cha Sicily, Italia, mwaka 1943 kwa sababu nyota peke yake, kwa mbali, ingeweza kudhaniwa msalaba wa Wajerumani. Duara likipigwa kwa stensili hukatikakatika, na magari mengi yalikwenda vitani hivyohivyo, duara lina mapengo. Mengine yalijazwa kwa brashi. Namba za boneti nazo, zile zilizoanza na W ya Wizara ya Vita, na pengine kumalizika na S kuonyesha kwamba mfumo wa umeme wa gari umetulizwa usivuruge redio, nyingine zilipigwa kwa stensili na nyingine kwa mkono wa fundi. Kwa hiyo anayeng'ang'ania kwamba alama ya kijeshi lazima iwe na mapengo naye amekosea, upande wa pili.

Na ile aina ya herufi inayoitwa Stencil kwenye kompyuta, yenye miguu minene na mapengo? Ilichorwa mwaka 1937 kwa ajili ya wachapaji. Ilitengenezwa iige vibao, lakini hiyo si hati ya jeshi, na ukiipeleka kwenye bampa bila kulinganisha na picha za wakati ule, wanaojua wataiona kabla hujazima injini.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Plastiki ileile ya kunata inaweza kuwa yote mawili. Ukibandika herufi zenyewe ukaziacha, ni stika. Ukibandika kile kilichobaki baada ya herufi kutolewa, ukapuliza rangi tabaka nyembamba nyembamba isipenye chini ya ukingo, kisha ukakibandua, umetumia stensili, tena ya kisasa, na vidaraja huvihitaji kwa sababu kitumbo cha O kinajinatia chenyewe. Kwa hiyo yule bwana wa Jeep hakukosa vifaa. Alikosa neno moja tu: aseme "stika zangu zimebanduka", au akipaka upya, "herufi nilizopiga kwa stensili". Na ile R yake ya kwenye bampa, iliyokwisha inuka ncha, nitamsaidia kuikwangua.