Dawa za dukani Nairobi: yanayoaminika na yalivyo

Ukiandikiwa dawa kwenye zahanati ya umma kisha ukaambiwa zimeisha, ukanunue nje, duka la dawa la mtaani ndilo linalobaki. Kayole, Kibera au Mukuru, hakuna wa kulaumiwa kwa kwenda huko. Madhara huanzia kwenye yale mnunuzi anayoamini akiwa kaunta.

"Nipe za hamsini kwanza, zikinisaidia nitarudi." Hii ndiyo inayoumiza watu wengi. Mtu mzima aliyeandikiwa amoksilini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 500 mara tatu kwa siku, siku tano, anahitaji kapsuli 15 za 500, au 30 za 250. Kapsuli sita za 250 ni dozi ya siku moja tu! Homa ikishuka kesho yake, mtu hudhani amepona, kumbe bakteria wamepungua tu, na waliobaki huweza kuongezeka tena wakiwa sugu. Pakiti ikikatwa, mara nyingi jina na tarehe ya kuisha muda hubaki dukani, kwa hiyo omba yaandikwe kwenye bahasha pamoja na nguvu ya dawa (miligramu). Pesa zikiwa chache, taja jina la dawa yenyewe, si la kampuni, uulize iliyo nafuu zaidi. Ikikubidi kununua kwa mafungu, rudi kabla fungu la kwanza halijaisha, na uchukue dawa ileile, nguvu ileile.

"Homa ni malaria." Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na malaria huku ni nadra kuliko Kisumu au Busia. Pima kwanza: tone la damu ya kidole, majibu ndani ya dakika 20 hivi. Ikipatikana, dozi ya kawaida ya AL (artemether-lumefantrine, dawa ya malaria) kwa mwenye zaidi ya kilo 35 ni vidonge 24: vinne mara moja, vinne baada ya kupita muda wa saa nane, kisha vinne asubuhi na jioni kwa siku mbili. Meza pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, la sivyo dawa hainyonywi vizuri mwilini. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo.

"Mtoto akihara, Flagyl." Kuhara kwa watoto wengi husababishwa na virusi, na Flagyl (metronidazoli), dawa ya bakteria na vimelea, haiui virusi. Mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), ukipima maji kama pakiti inavyosema, na zinki kwa siku 10: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita. Macho yakizama, akishindwa kunywa au akihara damu, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

"Koti jeupe latosha." Koti huweza kuvaliwa na yeyote; tafuta leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu (Pharmacy and Poisons Board) ukutani.

"Kikohozi ni cha dawa ya maji." Kikizidi wiki mbili, huenda ni kifua kikuu (TB); kapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure kwenye vituo vya umma. Levofloksasini, dawa nyingine ya kuua bakteria, ikimezwa kwa kubahatisha huweza kukituliza kwa muda na kuchelewesha kugunduliwa kwake, huku wa nyumbani mwako wakiendelea kuvuta hewa hiyohiyo.